Wino Mtupu

Rudisha chupa yako ndani ya leso, Tima. Irudishe, nimesema. Marashi ni mazuri, nimeyasikia harufu tangu ulipokuwa ukivuka wikio, hilo daraja la juu kati ya nyumba yenu na yetu, na zafarani hiyo najua hukuipata kwa mchezo. Lakini kombe siandiki. Siandiki kwa mwanao wala kwa mwana wa mtu yeyote anayekaa mtihani wa Bwana Kamaludin. Usinune. Umekuja kwa miguu yako mwenyewe, umekaa kwangu, sasa utanisikiliza. Huo mkeka ulioukalia ndio wenye habari hii.

Kahawa jimiminie. Mimi nikianza kusema haya sitasimama kukumiminia.

Wewe wanijua kwa wino. Mtaa wote huu wa Mkomani wanijua kwa wino. Mwalimu akiishiwa, huambiwa nenda kwa Bi Hadia. Si kipaji changu, ni urithi. Baba alikuwa mnakili wa misahafu, na alizaa wawili, mimi na Badawi. Badawi alikuwa akiona kalamu anakimbia. Mimi nilikaa. Nilipokuwa na miaka kumi nilijua kuunguza mchele hadi uwe mkaa, kukwangua masizi ya taa, kuloweka gundi siku tatu na kuipiga mpaka bega linitoke. Baba alinifundisha wino mbili. Wino wa ubao hautiwi gundi, kwa sababu kesho mtoto ataufuta aandike somo jingine. Wino wa karatasi una gundi, kwa sababu unatakiwa kuishi kuliko wewe. "Usizichanganye, Hadia," alikuwa akiniambia, "wala usizitie mayi, hata tone, ukishamaliza." Aliniambia maneno hayo mpaka nikawa namjibu kabla hajamaliza.

Kombe ndilo la tatu, na hilo si la kuandikia watu. Unaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, unaiosha kwa marashi, mgonjwa au mwenye haja anakunywa. Hilo nalo nilikuwa nikiliandika, na wengi waliolinywa wakasema limewafaa. Nilijivuna nalo. Nakwambia wazi, nilijivuna sana.

Niliolewa nikaachwa, nikaolewa tena nikafiwa. Mtoto sikujaaliwa. Nikarudi nyumba hii ya baba, Badawi akakaa juu na mkewe na mwanawe Jeilani, mimi nikakaa hapa chini na vyungu vyangu vya masizi. Basi ndiyo maisha yangu yote hayo, hata hayajazi kikombe.

Sasa, Mwanatumu. Humjui, wewe ni wa juzi. Mwanatumu ni msusi wa mikeka wa kijiji cha Kipungani. Alikuwa akija mjini kila mwezi na punda wake na mzigo wa mikeka, na mimi nilikuwa nikimnunulia, tukizungumza. Mwaka mmoja alikuja na mwanawe Fadhil, wa miaka minane. Mtoto akaketi hapo mlangoni, akaona ubao wa Jeilani umeegemezwa ukutani, akausoma wote. Nikamwuliza mamake, amefundishwa na nani? Akasema hakuna, alikuwa akisimama nje ya chuo cha Kurani cha kwao huku akisuka ukili wa mikeka, anasikiliza. Wallahi nywele zilinisimama. Nikamwambia Mwanatumu, niachie mtoto huyu asome hapa mjini, chakula ni juu yangu. Akalia, akakubali.

Miaka tisa Fadhil alikula kwangu. Alipobaleghe sikuonana naye uso kwa uso tena, maana si maharimu wangu, lakini alikuwa akikaa dakani, pale kwenye benchi la mlango, nami nikikaa ndani nyuma ya ubao wa mlango, namsikiliza anavyodurusu. Namtegea maswali kupitia ufa. Siku moja nikamwambia, haya, mtu amekufa ameacha mke, mama, binti wawili na ndugu wa kiume mmoja, gawa. Hakuchukua hata muda wa mimi kugeuza chapati. "Igawe mali fungu ishirini na nne, Bi Hadia. Mke tatu, mama nne, binti kumi na sita. Ndugu apate moja, ashukuru." Nikacheka mpaka chapati ikaungua. Jeilani naye alikuwa amekaa palepale na jibu lake lilikuwa limemwacha maiti na deni. Ala, usicheke, ni mpwa wangu.

Unanielewa? Nilimpenda. Si kumzaa, lakini nilimpenda kwa namna ambayo sikumpenda mtoto wa ndugu yangu wa damu, na hilo nalo ni aibu, liweke hapo pamoja na mengine.

Ndipo akafa Bwana Kamaludin, mfanyabiashara, hana mtoto. Akaacha shamba la minazi liwe wakfu. Kila miaka mitatu kijana mmoja wa visiwa hivi apelekwe Makka kusoma miaka minne, nauli, chakula na mavazi vitoke humo. Hilo halikumshangaza mtu. Lililoutia mji moto ni sharti. Kijana asichaguliwe kwa ukoo wala kwa kusemewa, achaguliwe kwa mtihani. Maswali ishirini, yale yale kwa wote, siku moja, saa moja, kila mtu aandike majibu yake kwenye karatasi. Karatasi isiwe na jina, iwe na namba. Kila swali alama tano. Atakayepata alama nyingi ndiye aendaye, hata akiwa mwana wa nani. Na asiwe amepita miaka ishirini.

Lo! Mkomani hapakulalika. Sisi mtu hata salamu hatujamwitikia tumeshamwuliza wewe ni mwana wa nani, leo waambiwe karatasi haina baba? Wazee walikasirika mpaka wakaacha kunywa kahawa baraza moja. Lakini wasia ni wasia. Maalim Muhdhar akasimamishwa kuwa msimamizi, na yeye, nampa haki yake, aliushika wasia kwa meno. Akasema wino wote utoke nyumba moja, kwa sababu mtu aweza kuandika kwa wino wenye rangi yake awe amemwekea msahihishaji ishara. Nyumba hiyo iwe yangu. Kila mtahiniwa alete kidau chake kwangu siku ya kuamkia mtihani, nikijaze, kisha mtu wa Maalim aje avichukue vyote apeleke msikitini. Atakayeonekana na wino wa nje, karatasi yake itupwe, na asikae mtihani huo tena.

Ulikuwa mwaka ule wa kwanza, kusi limeshika. Vidau kumi na viwili viliwekwa kwenye sinia, hapo ulipoweka mguu wako. Vingine vya shaba, vingine vya udongo wa Kichina. Kimoja kilikuwa kifuu cha nazi na kifuniko cha ukili alichokisuka Mwanatumu. Mtu asingeweza kukosea ni cha nani. Fadhil alikiacha asubuhi, akaenda zake Kipungani kupata radhi ya mama, akasema atarudi alfajiri aingie msikitini moja kwa moja.

Na mimi nilikuwa nimeshamwandikia kombe. Tangu asubuhi nimetia udhu, nimeandika aya za kufunguliwa kifua, herufi ndogo ndogo, sahani nzima, nimeiosha kwa marashi ya mawaridi. Sikujua kama angekwenda kwao. Sasa kombe liko, mnywaji hayuko. Alasiri ikakaribia. Badawi akashuka na kidau cha shaba cha Jeilani, akaniambia, "Dada, tia wino wa maana." Nikamwambia wote ni wa maana, hebu nitokee hapa. Akaondoka akicheka.

Nilivijaza vyote. Nikabaki nimekishika kifuu kile. Sikiliza akili yangu ilivyokwenda, Tima, kwa sababu ndiyo akili yako leo. Nilisema, ikiwa kombe likinywewa linafungua kifua, likiwa ndani ya kalamu litafungua mkono. Nikamimina nusu ya wino nje. Nikatia kombe. Nikatikisa, nikafunika, nikasema amin. Mimi, binti wa mnakili! Mimi niliyeambiwa usitie maji wino ulioiva! Hata haikunijia kwamba ni maji. Ilikuwa ni dua, basi, na dua nilidhani haina uzito wa kuharibu kitu.

Mtihani ukafanyika. Adhuhuri Fadhil akapita kwangu. Nikamchungulia kwenye ufa wa mlango, nikamwona midomo myeusi tititi, na vijana wawili wa mtaani wakimzomea wanamwita mla masizi. Nikacheka. Nikamwambia, umetafuna kalamu tena, wewe mtu mzima? Akasema, "Tabia haiachi, Bi Hadia." Nikamwuliza maswali. Akasema yote ishirini ameyajibu. Nikamtajisha majibu moja moja nyuma ya mlango, na wallahi hakukosea hata moja, na mimi maswali yenyewe kumi na manane ningeyajibu, sikwambii kwa kujisifu. Kidau chake alikishika mkononi, kisafi kabisa, kikavu. Nililiona hilo. Sikuliuliza.

Kusi hukausha wino polepole, basi Maalim aliamuru karatasi zianikwe juani juu ya dari ya chuo siku mbili, na mawe juu yake, ndipo zisomwe. Wino wa wenziwe ulikaa. Wake, gundi nimeshaivunja nguvu kwa marashi, masizi yalishuka chini ya kifuu na kalamu ikawa inachota zafarani. Na zafarani jua huila. Waliposhusha karatasi yake, namba tisa, waliona majibu mawili ya mwanzo, yale aliyoyaandika wino ungali umetikisika. Yaliyobaki ni manjano kidogo hapa na madoa pale, ukigusa kwa kidole yanakufuata. Majibu mawili hayo yalipata alama kumi kwa kumi. Jeilani alipata sitini na moja. Wa pili wake hamsini na nane.

Haya yote aliniletea Badawi, anashuka ngazi anaimba. Kwanza habari ya mwanawe, na mke wake juu anapiga vigelegele. Halafu akasema, "Na yule wako wa Kipungani amefanya mambo. Ameandika kwa wino wa manjano ili ajulikane."

Nilikuwa nachekecha masizi. Chekeche liliniponyoka.

Ijumaa baada ya sala Maalim Muhdhar akamsimamisha Fadhil mbele ya watu. Badawi alikuwapo, akanisimulia neno kwa neno, na mimi nimeyahifadhi mpaka leo. Maalim alimwuliza, "Wino huu umeutoa wapi?" Akamwuliza tena, "Kidau chako ki wapi?" Akakitoa, kisafi. "Kwa nini umekiosha?" Akasema, "Sikukiosha, Maalim." Watu wakaguna. "Basi wino uliobaki u wapi?" Mwisho Fadhil akasema, "Kosa ni langu," akainamisha kichwa. Wakamwandika kwamba ametia wino wa nje, asikae tena. Watoto wakamfuata mpaka ufuoni wakimwita mwizi wa wino.

Utaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa. Nimekaa hapa hapa, mlango huu, na nyumba ya Maalim ni ya nne kutoka hapa.

Usiniangalie hivyo, nitakwambia. Niliwaza, nikisema ni mimi, watasemaje? Wino wangu umemharibia huyu, na aliyefaidika ni nani? Ni Jeilani, mwana wa ndugu yangu, anayelala juu ya kichwa changu. Nani angeamini kwamba nilimpenda wa Kipungani kuliko wa kwetu? Wangesema Hadia amemfisidi mtoto wa maskini ili mpwa wake aende Makka. Wangesema ameingiza uchawi ndani ya kidau. Wino wangu asingeununua mtu tena. Na Jeilani wangemnyang'anya nafasi, na Badawi angenitoa nyumbani. Hayo ndiyo niliyojipangia, yakapangika vizuri. Nilikaa kimya, na nilijiambia ni kwa siku mbili tatu tu mpaka watu watulie.

Siku ya kumi akaja Mwanatumu. Nilitaka niseme siko, lakini punda wake nilimsikia na yeye alishanisikia nakohoa. Akaingia, hakukaa. Alikuwa na mkeka mabegani, mpya, wa rangi tatu, kazi ya miezi minne. Akautandika hapo chini. Akanishika miguu, Tima. Mimi, akanishika miguu! Akasema, "Nisamehe, Bi Hadia. Miaka tisa umemlisha mwanangu, naye amekuaibisha mbele ya mji. Sina cha kukulipa. Mkeka huu nilikuwa nikiusuka kwa furaha ya Makka, sasa uchukue uwe wa kutaka radhi."

Na mimi nikauchukua.

Nikamwambia nimemsamehe. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu: "Nimemsamehe, Mwanatumu." Nilisema hivyo. Akanibusu mkono, akaenda zake. Miaka sita sasa mkeka umo humu, sina ujasiri wa kuukalia wala wa kuutoa. Leo umekuja umeukalia wewe, na mimi nimekaa juu ya sakafu, hukuona?

Aa, kaa. Usiinuke kabla sijamaliza.

Jeilani akaenda Makka. Fadhil akarudi Kipungani kusuka kamba. Miaka mitatu ikapita, ukaja mtihani wa pili, na Fadhil alikuwa ana miaka ishirini kamili, mara ya mwisho kwake. Safari hii nilisema litakalokuwa na liwe. Nikavaa buibui nitoke mchana kweupe, jambo ambalo mwanamke wa nyumba hizi halifanyi, nikaenda mpaka mlango huu wa nje. Badawi akanikuta nimeshika komeo. Nikamweleza yote. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, uso umemsawajika. Hakunikaripia, laiti angenikaripia. Alisema, "Dada, Jeilani amebakiza mwaka mmoja. Wakimrudisha sasa atarudi na nini? Tungoje huo mwaka, halafu utasema, na mimi nitasimama nawe." Nikamwambia baada ya mwaka Fadhil atakuwa amepita umri. Akasema, "Najua." Hivyo tu. Nikalivua buibui, nikarudi ndani, nikapika chakula cha mchana. Na kilikuwa kitamu, tulikila.

Jeilani alirudi. Humjui kwa ubaya wowote, na mimi simjui. Anasomesha, anasalisha, anakuja kila Ijumaa ananibusu mkono na watu dakani wanasema huyo ndiye shangazi wa Maalim Jeilani. Hajui kitu. Nikimsikia anatoa darasa la mirathi huwa najishughulisha na vyungu, nipige kelele nisisikie. Badawi naye hakuja kusimama nami. Kila ninapomkumbusha macho yanamwenda kwenye dari.

Sasa sikiliza la mwisho, ndilo lililonifanya nikufukuzie chupa yako.

Alhamisi hii iliyopita, asubuhi, mtu alipiga hodi dakani. Sauti niliijua kabla hajamaliza. Miaka sita sikuisikia. "Bi Hadia, ni Fadhil wa Kipungani. Nimekuja kununua wino." Nikaja nyuma ya mlango, nikachungulia kwenye ufa. Ana ndevu. Mikono imechanika kwa kamba. Akaniambia ana chuo kidogo kwao, watoto kumi na mmoja, na mmoja wao, jina lake Yunusi, ni mwepesi kuliko alivyokuwa yeye. Anataka kumwandikisha mtihani wa mwaka huu. Lakini Maalim Muhdhar amelikataa jina. Amesema mwanafunzi wa mtu aliyetia wino wa nje hawezi kuaminiwa. Majina yatafungwa Jumatano kabla ya alasiri, na Fadhil alisema atakwenda kumwomba tena, labda moyo utamlainika.

Nikampitishia chupa ya wino mlangoni. Akaipokea, lakini hakuondoka. Akasema, kwa adabu, unajua sauti mtu anayoitumia akimwomba mkubwa jambo dogo, "Bi Hadia, likikubaliwa jina, kidau chake kitaletwa kwako kama kawaida. Kitakuwa cha kifuu. Nakuomba, mtilie wino mtupu. Dua mwombee kwa mdomo."

Wino mtupu, Tima.

Nikamwuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilipofungua kifuniko tu, marashi yakanijia. Nikajua ni kombe lako." Nikamwambia, mbona hukunyoosha mkono ukapewa wino mwingine? Akasema, "Ningekataaje dua yako mbele ya watu? Nilidhani utakoza ukikauka." Nikamwambia, na Maalim alipokuuliza? Akasema, "Wangekuja kwako, Bi Hadia. Nilikuwa nimekula chakula chako miaka tisa."

Na kidau, nikasema, mbona kilikuwa kisafi na wewe hukukiosha?

"Mlikuwa na aya humo," akasema. "Kombe halimwagwi. Nililinywa."

Midomo, Tima. Ile midomo. Niliiona kwa macho haya, nikacheka, nikamwita mtafuna kalamu, na yeye akasimama hapo na wino wangu tumboni akanijibu tabia haiachi. Akasimama mbele ya mji mzima wanamwuliza wino uko wapi, na wino uko ndani yake, na mimi niko hapa nachekecha masizi. Mtoto wa miaka kumi na saba alinisitiri mimi, na mimi mwanamke mzima nilishindwa kumsitiri yeye kwa neno moja. Halafu nikapokea mkeka wa mama yake. Nikasema nimemsamehe!

Sikuweza hata kumwomba radhi. Nililia tu nyuma ya mlango kama mjinga, naye akasema, "Haya, Bi Hadia, nti yetu ni mbali, jua limepanda," akaenda.

Leo ni siku gani? Sema. Jumatano, ndiyo. Na adhana ya alasiri bado. Ndiyo maana nilikuwa nimeshavaa buibui ulipoingia, na wewe ukadhani nina baridi. Tangu adhuhuri nimevaa, nimekaa, nimeshindwa kuinuka, mpaka ukaja na chupa yako ya marashi kunitaka nifanye kosa lile lile. Basi Mungu akulipe kheri kwa hilo.

Sasa inuka juu ya mkeka huo. Ukunje, nipe. Nitaubeba mimi, urudi kwa aliyeusuka. Mwanatumu yu hai, na jahazi la Kipungani… hapana, hilo ni la kesho. Leo ni nyumba ya nne kutoka hapa. Maalim nitamwambia mbele ya wote watakaokuwa barazani, na kama Badawi yumo, naye asikie. Watasema nilimpendelea Jeilani. Waache waseme. Kama wakiamua asinunue mtu wino wangu, basi kidau cha Yunusi watakijaza kwingine, na kitakuwa na wino mtupu.

Wewe rudi kwa kupitia wikio ulikotokea. Mimi natoka kwa mlango huu wa nje. Fungua komeo hilo, mikono yangu imeshika mkeka, kisha nipishe. Ndia imejaa watu saa hii, najua. Wanione.